Mwili Unaotetemeka katika Daftari la Mganga: Historia ya Jina na Namba

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa umbo ni dogo na kwa matokeo ni zito: jinsi mwili unaotetemeka unavyoingia katika daftari la hospitali. Mgonjwa huja na mkono unaocheza pasipo yeye kutaka. Mganga (neno hili lichukuliwe kwa maana yake ya Kongo, yaani daktari, wala si kwa maana ya pwani) humtazama, humwuliza, kisha huandika. Baada yake huja karani ambaye hamwoni mgonjwa. Yeye husoma neno lililoandikwa, akalitafutia herufi na tarakimu katika kitabu ambacho Wakongo wanakijua kwa herufi za Kifaransa CIM, yaani Ainisho la Kimataifa la Magonjwa. Tangu hapo mgonjwa ni wa kuhesabiwa tu. Wizara, bima au mtafiti hatamjua ila kwa alama hiyo.

Wanaisimu wanalo neno linalofaa alama ya namna hiyo, nalo ni msimbo. Wamezoea kulitumia wanapozungumzia lugha yenyewe, na si bure. Msimbo wa hospitali nao una msamiati wake na sarufi yake, una visawe, tena una maneno ya kale ambayo watu wameacha kuyaamini lakini bado wanayatamka. Mtetemeko unaonyesha hayo wazi kuliko dalili nyingi nyingine, kwa sababu kutetemeka si ugonjwa mmoja. Mzee hutetemeka, mwenye homa hutetemeka, mlevi aliyekosa pombe hutetemeka, na mtu mwenye afya naye hutetemeka kwa hofu. Kila kizazi cha waganga kimelazimika kuamua upya ni mtetemeko upi unaostahili jina lake, na jina hilo liandikwe kwa lugha ipi. Kwa msomaji wa Kongo swali la lugha haliko mbali hata kidogo: katika vyumba vya matibabu vya Lubumbashi au Bukavu mgonjwa husema Kiswahili, na daftari huandikwa Kifaransa.

1. Waliotangulia

Galen, mganga Mgiriki wa karne ya 2, aliandika kitabu kizima juu ya kutetemeka, kudunda kwa viungo, degedege na kitapo. Hapana budi kuikumbuka orodha hiyo, maana tayari inatenganisha mtetemeko na kitapo, yaani ule msukosuko wa mwili wenye baridi na homa. Katika karne ya 17 Franciscus Sylvius, mwalimu wa Leiden nchini Uholanzi, aliongeza mgawanyo mwingine ambao haujapitwa na wakati: kuna mtetemeko unaokuja kiungo kikiwa kimepumzika, na kuna mtetemeko unaokuja mtu anapotaka kukitumia kiungo hicho. Kisha mnamo 1763 François Boissier de Sauvages wa Montpellier alitoa kitabu cha Kilatini kilichopanga magonjwa yote katika makundi 10 na aina zipatazo 2,400, kwa mfano wa wataalamu wa mimea wanavyopanga majani na maua. Kwa Sauvages kila dalili iliweza kuwa ugonjwa. Mtetemeko ukapata matawi mengi, kila tawi na jina lake la Kilatini.

Mtu mwingine wa kutajwa hapa ni Bernardino Ramazzini wa Modena, ambaye mnamo 1700 alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya mafundi. Humo aliwaeleza mafundi wa kupaka dhahabu kwa zebaki, ambao shingo na viungo vyao vilikuwa vikitetemeka kwa mvuke wa madini hayo. Mabingwa wa kale waliwafundisha waganga maswali ya kumwuliza mgonjwa. Ramazzini alishauri liongezwe swali moja, nalo ni hili: unafanya kazi gani? Swali hilo litarudi mbele.

2. Kijitabu cha kurasa 66

James Parkinson alizaliwa mnamo 1755 huko Hoxton, kitongoji cha London, akaishi huko maisha yake yote kama mpasuaji na mtengeneza dawa. Hakuwa mtu wa jambo moja. Aliandika vijitabu vya siasa kwa jina la kubuni, na mnamo 1794 aliitwa mbele ya Baraza la Mfalme kuhojiwa kuhusu njama iliyodaiwa ya kumwua George III. Aliandika pia vitabu vitatu juu ya mabaki ya viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, na mnamo 1807 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha jiolojia cha London. Huenda mazoea ya kutazama mawe kwa subira ndiyo yaliyomsaidia kuona alichokiona.

Mnamo 1817, akiwa na umri wa miaka 62, alichapisha kijitabu cha kurasa 66 juu ya ugonjwa alioupa jina la Kilatini, "paralysis agitans", yaani kupooza kwenye mitetemeko. Ushahidi wake ulikuwa watu 6 tu. Baadhi yao alikutana nao njiani, na mmoja alimwona kwa mbali tu. Hakupasua maiti hata mmoja, na yeye mwenyewe alikiri upungufu huo akawaomba wenye ujuzi wa kupasua waumalize. Kwa kipimo cha leo mtu angeweza kudhani kwamba ushahidi kama huo haufai kitu.

Lakini nguvu ya kijitabu hicho haimo katika wingi wa wagonjwa. Imo katika namna ya kuandika. Waliomtangulia walieleza mtetemeko kama hali, kana kwamba mgonjwa alikuwa picha ukutani. Parkinson aliandika mfuatano wa miaka: unaanza mkono mmoja, kidogo kidogo hata mwenyewe hakumbuki ni lini, baadaye unapita kwenye kiungo kingine, mwili unainama mbele, mwendo unageuka kuwa mbio zisizotakwa, mwisho kula na kulala vinakuwa taabu, na akili inabaki nzima. Alichukua dalili ambazo Sauvages angezitia katika makundi mawili tofauti, mtetemeko huku na mbio za hatua fupi kule, akazifunga katika maisha ya mtu mmoja. Huo ndio mwanzo wa hati ya mgonjwa mwenye mtetemeko kama inavyotakiwa hata leo: ulianza lini, upande upi, kiungo kikiwa katika hali gani, na tangu hapo umekwenda wapi.

Kijitabu hicho hakikusomwa sana. Parkinson alifariki mnamo 1824 bila kujua kwamba jina lake lingekuwa jina la ugonjwa.

3. Charcot na ubishi juu ya jina

Jina hilo lilitolewa Ufaransa. Jean-Martin Charcot aliingia mnamo 1862 kuwa mganga wa La Salpêtrière huko Paris, mahali palipotunza wanawake maskini na wazee kwa maelfu. Wingi huo ulimpa nafasi ambayo Parkinson hakuipata kamwe: kuwaweka wenye mitetemeko bega kwa bega na kuwalinganisha. Alitenganisha mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson, ambao huonekana mkono ukiwa umetulia, na ule wa ugonjwa wa mabaka magumu katika ubongo na uti wa mgongo, ambao hutokea mkono unapoinuliwa kukifuata kitu. Mgawanyo wa Sylvius ulikuwa umepata kazi.

Namna zake za kuandika zilipita maneno. Alichukua chombo ambacho Étienne-Jules Marey alikitumia kuchora mapigo ya mshipa, akakifanya kichore mitetemeko juu ya karatasi, ili ihesabiwe ni mingapi kwa sekunde. Aliwavika wagonjwa kofia zenye manyoya marefu mbele ya wanafunzi, ili wasikilizaji wa nyuma waone kama kichwa kinatetemeka chenyewe au kinatikiswa na mwili ulio chini yake. Kofia hizo zinaweza kumchekesha msomaji, na pengine zilikuwa na kiasi fulani cha maonyesho ya jukwaani, maana Charcot alipenda jukwaa. Hata hivyo swali lililoulizwa kwa manyoya yale lilikuwa la kweli.

Ni yeye aliyelikataa jina la "paralysis agitans". Hoja yake ilikuwa ya mganga, ingawa mwanaisimu anaitambua mara moja kuwa ni hoja ya maana ya maneno. Kupooza ni kukosa nguvu. Wagonjwa hawa huwa na nguvu zao muda mrefu, ila misuli yao imekakamaa na mwendo wao umekuwa mzito. Tena wapo wasiotetemeka kabisa. Jina lenye sehemu mbili lilikuwa na makosa mawili. Badala yake Charcot alipendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la mtu, "ugonjwa wa Parkinson", kwa sababu jina la mtu halidai lolote juu ya mwili.

Wakati huohuo, mtetemeko wa pili ulikuwa ukitafuta jina. Mnamo 1874 Pietro Burresi huko Siena, Italia, aliueleza mtetemeko wa kijana ambao haukuwa na chanzo kilichojulikana, akauita wa "essenziale". Mnamo 1887 Charles Dana wa Marekani alieleza jamaa ambamo mtetemeko ulirithiwa kizazi hata kizazi. Kivumishi hicho kinastahili aside ndogo. Kwa Kifaransa cha kila siku "essentiel" ni kitu cha lazima, na mtafsiri mwenye haraka angeandika "mtetemeko muhimu", tafsiri ambayo ingemshangaza mgonjwa. Katika lugha ya waganga wa zamani neno hilo lilimaanisha ugonjwa uliopo kwa nafsi yake, usioletwa na ugonjwa mwingine unaojulikana. Ni kukiri kutojua kulikovikwa nguo nzuri. Baadaye likaongezwa neno jingine, "bénin", yaani usiodhuru, mpaka wataalamu walipoona aibu kumwita asiyedhurika mtu asiyeweza kufikisha kijiko kinywani, wakaliacha.

4. Majina yanageuka namba

Charcot alifariki mnamo Agosti 1893. Mwaka huohuo, katika mkutano wa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu huko Chicago, Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa mji wa Paris, alitoa orodha yake ya sababu za vifo. Bertillon hakuanza patupu. Kabla yake William Farr, mtunza takwimu wa Uingereza tangu 1839, alikuwa amelinganisha majina ya magonjwa na mizani na vipimo: pasipo kukubaliana juu yake, hakuna hesabu. Mnamo 1853 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa takwimu, uliofanyika Brussels, ulimkabidhi Farr pamoja na Marc d'Espine wa Geneva kazi ya kutunga orodha moja kwa nchi zote. Orodha ya Bertillon ya 1893 ilitoka katika vipimo vitatu, ya vichwa 44, ya vichwa 99 na ya vichwa 161, kila nchi ijichagulie. Mnamo 1900 wajumbe wa nchi 26 walikutana Paris kuirekebisha, ikakubaliwa kwamba irekebishwe kila baada ya miaka kama kumi.

Jambo moja hapa halitiliwi mkazo wa kutosha katika historia za kawaida. Orodha hizo zilihesabu vifo. Mtetemeko hauui. Mgonjwa wa Parkinson hufa mara nyingi kwa nimonia au kwa kuanguka, na cheti cha kifo huweza kuutaja ugonjwa wake wa miaka 15 au kuuacha. Mwenye mtetemeko wa kurithi hufa kwa maradhi mengine kabisa. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, chombo kikuu cha kuhesabu magonjwa duniani hakikuwa na macho ya kuwaona watu ambao maradhi yao yalikuwa kuishi na mkono usiotulia. Mlango ulifunguliwa mnamo 1948, pale Shirika la Afya Duniani lilipotoa marekebisho ya 6, ya kwanza kuhesabu pia magonjwa ya walio hai.

Nayo marekebisho hayo yaliandika nini? Yaliandika "paralysis agitans", namba 350. Jina ambalo Charcot alilikataa liliingia kwenye orodha kana kwamba hakuna aliyewahi kulipinga. Katika marekebisho ya 8 lilipewa namba 342. Katika marekebisho ya 9, yaliyokubaliwa mnamo 1975, kundi la 332 liliitwa kwa jina la Parkinson, lakini chini yake, kwenye 332.0, ambako karani hasa huandika, liliendelea kusimama lilelile: "paralysis agitans". Hospitali za Marekani zilitumia namba hiyo mpaka tarehe 30 Septemba 2015. Hata katika marekebisho ya 10, yaliyoidhinishwa mnamo Mei 1990, ambamo ugonjwa wa Parkinson ni G20, msomaji akitazama visawe vilivyoorodheshwa chini ya alama hiyo atalikuta jina la kale limeketi pale.

Kuna sababu ya kiufundi, nayo si ya kudharauliwa. Anayelinganisha hesabu za mwaka huu na za miaka thelathini iliyopita anahitaji uzi usiokatika, na jina la zamani ndilo uzi. Lugha yoyote hufanya hivyo. Waswahili wanaendelea kusema jua limezama ingawa shuleni wamefundishwa vinginevyo. Tofauti ni kwamba hakuna anayelipwa wala kunyimwa dawa kwa ajili ya neno kuzama.

5. Sarufi ya msimbo

Katika marekebisho ya 10 mitetemeko imetawanywa kwa kanuni ambayo mwanafunzi wa isimu ataipenda: chanzo kina nguvu kuliko dalili. Chanzo kikijulikana, dalili humezwa. Mtetemeko wa kurithi au usio na chanzo ni G25.0. Ulioletwa na dawa ni G25.1. Mingine yenye kutajwa sifa, kama ule unaokuja mkono unapokaribia shabaha yake, ni G25.2. Hali inayofanana na Parkinson lakini imeletwa na kitu kingine iko G21, na ndani yake ile ya dawa, ile ya vitu vya nje na ile iliyofuata uvimbe wa ubongo zina sehemu zake mbalimbali. Sehemu ya mwisho inakumbusha tauni ya usingizi ambayo Constantin von Economo aliieleza huko Vienna mnamo 1917, na iliyowaacha wengi wa waliopona wakiwa wamekakamaa kama wazee.

Mwisho wa njia iko R25.1: mtetemeko pasipo maelezo. Herufi R ni chumba cha dalili zisizo na mwenyewe. Mganga asipoandika zaidi ya neno "mtetemeko", karani hana pengine pa kumweka mgonjwa. Marekani, ambako malipo ya matibabu hufuata msimbo, kanuni imekaza fundo hili. Mgonjwa wa nje ambaye mganga ameandika juu yake "huenda ni Parkinson" haruhusiwi kupewa G20. Hupewa dalili tu, R25.1, kwa kuwa "huenda" si utambuzi. Mgonjwa huyohuyo akilazwa, na akitoka wodini na "huenda" ileile, kanuni ya waliolazwa huruhusu aandikwe kana kwamba anao ugonjwa wenyewe. Neno moja, mgonjwa mmoja, misimbo miwili, kulingana na kitanda. Pragmatiki, ambayo wanaisimu huitafuta katika mazungumzo, inafanya kazi hapa katika fishi ya hospitali.

Msimbo ukinyamaza, wanaoumia zaidi ni wale ambao mtetemeko wao una mwenyewe aliye nje ya mwili. John Couper wa Glasgow alieleza mnamo 1837 watu waliodhoofika viungo kwa kusaga manganizi. Madini hayo yalichimbwa Kisenge, kusini-magharibi mwa Katanga ya zamani. Zebaki ya Ramazzini nayo haijaisha: katika machimbo ya dhahabu ya Ituri na Kivu wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga, kisha huichoma ibaki dhahabu peke yake, na mvuke wake huingia kifuani mwao. Sumu ya zebaki ina alama yake, T56.1. Manganizi haina ya peke yake. Imo katika T56.8 pamoja na metali nyingine. Lakini alama hizo haziandikwi ila kwa mgonjwa aliyeulizwa kazi yake. Asipoulizwa, huingia R25.1, na katika hesabu za mkoa zebaki inakuwa haikumgusa mtu.

Ugonjwa wa malale unatoa mfano wa kinyume. Katika hatua yake ya pili ulimi na vidole hutetemeka, na waganga wa wakati wa ukoloni waliliona jambo hilo. Hata hivyo vikosi vya kuhamahama, vilivyopita vijijini katika Kongo ya Wabelgiji tangu miaka ya 1920, havikuhitaji kuupa mtetemeko huo jina. Vilipapasa tezi za shingo, vikachukua majimaji, vikatazama katika darubini. Kijidudu kilipoonekana, jina lilipatikana. Malale ya magharibi na katikati ya Afrika ni B56.0, na mtetemeko umo ndani yake bila kutajwa. Hakuna aliyedhurika kwa kutotajwa huko. Dalili ilimezwa na chanzo kilichoonekana kwa jicho, wala haikutupwa katika chumba cha R.

Ikiwa Parkinson alikosa darubini ya namna hiyo, waliomfuata nao hawakupata ya hakika kwa mgonjwa aliye hai kitandani. Ndiyo maana maandishi yakazidi kupimwa: ngazi 5 za Hoehn na Yahr mnamo 1967, vipimo vya alama 0 hadi 4 kwa kila kiungo mnamo 1987, na duara la kuzungukazunguka ambalo mgonjwa hulichora kwa mkono wake mwenyewe, likabaki kwenye fishi kama shahidi asiyehitaji mkalimani. Mnamo 2018 chama cha kimataifa cha wataalamu wa magonjwa ya mwendo kilishauri kila mtetemeko uandikwe kwa mihimili miwili isiyochanganywa, kwanza unavyoonekana, kisha unakotoka. Msimbo nao umejaribu kufuata. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 Marekani imeigawa G20 katika alama 5, kutegemea kama mgonjwa ana michezo ya mwili isiyotakwa, ambayo dawa ya levodopa huweza kuileta, na kama hali yake hupanda na kushuka kwa siku. Marekebisho ya 11 ya Shirika la Afya Duniani, yaliyoanza kutumika Januari 2022, yanaweka Parkinson katika 8A00 na mitetemeko katika 8A04.

6. Kitenzi kimoja, safu mbili

Yote yaliyotangulia yaliamuliwa kwa Kilatini, Kifaransa na Kiingereza. Mgonjwa wa Kongo ya mashariki na kusini huanza na kitenzi cha Kiswahili: ninatetemeka. Kitenzi hiki kina sifa ambayo haijasifiwa vya kutosha. Mwishoni mwake imo -ka, umbo lilelile la "vunjika" na "mwagika": kinachotajwa kinapatwa na jambo, na mtendaji hatafutwi. Parkinson alihitaji kuongeza kwa Kiingereza kwamba mwendo ule ulikuwa wa bila hiari. Anayesema "mkono unatetemeka" amekwisha kulisema, na mkono ndio kiima, si yeye.

Lakini kitenzi hichohicho ni kipana mno. Kinabeba baridi ya homa, hofu, uzee na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Kifaransa cha daftari kinamlazimisha muuguzi kuchagua baina ya maneno mawili, "frissons" na "tremblement". La kwanza humpeleka mgonjwa kwenye R50, kikundi cha homa, na katika nchi ya malaria humpeleka haraka kwenye vidonge vya malaria. La pili humpeleka R25.1, na akibahatika, mbele zaidi. Tafsiri hiyo hufanywa kwa dakika moja, na aghalabu hakuna anayeitambua kuwa ni tafsiri. Mzee ambaye mkono wake wa kuume umekuwa ukicheza polepole kwa miaka miwili, akisema tu "natetemeka" siku ambayo kituo kimejaa wenye homa, anaweza kuandikwa "frissons", akatibiwa malaria, akarudi mwezi unaofuata na sentensi ileile.

Kiswahili hakikosi njia. Neno kitapo lipo kwa msukosuko wa homa, nalo linalingana na mgawanyo wa Galen; kasoro yake ni kwamba katika Kiswahili cha Kongo halisikiki sana, na neno ambalo mgonjwa halisemi halimsaidii muuguzi. Wanaotunga istilahi za afya vyuoni hupenda kuanza na nomino. Hapa kinachotakiwa kwanza ni swali. La Galen ni hili: "Baba, ukitetemeka, unasikia baridi, mwili unapata moto?" La Sylvius linaingia lote katika sentensi moja: "Mkono unatetemeka ukiwa umelala juu ya goti, ao unapoinua kikombe?" Jibu la kwanza huelekeza G20, jibu la pili huelekeza G25.0, na yote mawili huondoka R25.1. Linabaki la Ramazzini, "Unafanya kazi gani?", ambalo kwa kijana wa miaka 25 aliyetoka machimboni lingetangulia yote. Akijibu kwamba anachoma dhahabu, kilichobaki ni muuguzi kuliandika neno zebaki mahali ambapo karani atalisoma.